Nilifanya Kilio ya Avenyu Yetu Kuwa Biashara

Bandugu, musiende mbali kutafuta mubaya. Mubaya wa hii habari ni miye. Miye muntu wa kucheka, mwenye ku Ruashi, hapa Lubumbashi, banasikia sauti yake mbele ya kuona sura yake. Hata ku kilio, ku matanga, nilikuwa nachekesha bafiwa, na banasema kulikuwa maiti moja yenye ilibakia kidogo tu icheke nayo.

Leo sina ya kuchekesha. Nilipoteza rafiki yangu wa toka utoto, na mbele ya kumupoteza nilikuwa nimeisha kumufukuza. Juu ya biti! Biti bya plastiki, bya kuikalia, bandugu yangu!

Wacha nieleze polepole, juu nikienda mbio nitajitetea.

Masomo nilimaliza mukubwa, na ndevu ku mashavu. Mchana nilikuwa nauzisha bipande bya pikipiki, mangaribi naingia mu darasa pamoja na bamama ya batoto ku mugongo na basentineri, balinzi ya usiku, benye balikuwa banasinzia na macho wazi. Hesabu ilinitesa. Kifaransa ilinitesa zaidi. Lakini kulikuwa somo moja yenye nilikuwa naingia mbele ya bote: somo ya kuanzisha biashara.

Prof wetu wa ile somo! Sauti yake ingepasua jiwe ya shaba bila baruti. Alikuwa na koti moja tu, lakini akianza kusema juu ya utajiri, unaona sawa iko na kabati tatu ku nyumba. Siku ya kwanza alisimama, akatuangalia, akasema:

"Muntu wa biashara hatafuti kintu ya kuuzisha. Anatafuta maumivu. Fasi bantu banaumia, pale njo duka yako."

Nililipokea ile neno sawa ukaristia.

Siku ingine akasema: "Kintu ya bule ni kintu yenye haiyapata mwenyewe." Darasa yote ikapiga makofi. Miye nilipiga mpaka mikono ikavimba.

Akatupatia kazi ya kufanya: kila muntu aende ku avenyu yake, aangalie bantu banasumbuka fasi gani, alete proje. Naye Mungu, sijui alikuwa ananijaribu, ile juma muzee mmoja wa avenyu yetu akafwa.

Kama haumujue kwetu, nikuambie vile ilikuwa. Muntu akifwa, hakuna anayealikwa. Bamama banafunga kitambaa ku kichwa, kila mmoja anatoka na sufuria yake kubwa, mbabula yake ya kuwashia moto na makala yake. Bijana banapita nyumba kwa nyumba kuchukua biti: kila kiti iko na alama ya rangi chini yake, ili ikirudi irudi kwa mwenyewe. Bashi, turubai ya kufunika, inatoka kwa huyu, maji kwa yule. Muntu wa kilio, mufiwa mwenyewe, yeye hawashi moto. Hapana! Iko mwiko. Mikono yake ni ya kufuta machozi tu, mpaka siku ya kuzika ipite.

Miye na Dido tulianza kubeba biti bya kilio toka tuko bana-shule ya primeri. Dido alikuwa jirani yangu, mutoto mmoja tu wa mama yake mujane, Mama Dido. Alikuwa anabeba biti bine ku kichwa na anaimba, na miye nyuma na kiti moja, nasema miye njo kapita, musimamizi wa kazi. Bamama balikuwa banatuita bamapasa, sawa tumezaliwa siku moja. Kwa Mama Dido nilikula bukari, ugali yetu, kuliko kwetu. Kama ningepasuliwa leo, nusu ya mifupa yangu ingesema ni yake.

Basi, ile siku ya kilio ya muzee, nilifika pale na kichwa imejaa maneno ya Prof. Bengine baliona maiti. Miye niliona soko.

Niliona masufuria hayatoshi. Niliona kiti yenye ilivunjika, na bamama mbili banagombana juu yake pembeni, kwa sauti ya chini juu ya heshima. Niliona bijana banachelewa juu hakuna anayebalipa. Nikasema mu roho: maumivu haya hapa! Na hayana mwenyewe!

Bandugu, nilifanya kazi sawa shetani mwenye amepewa likizo kidogo. Niliuzisha stoki yangu ya bipande. Nikanunua biti bya plastiki, byote rangi moja. Nikanunua bashi kubwa yenye ingefunika kanisa na padri wake. Kisha nikapita kwa bamama: "Mama, unachoka ya nini? Niuzishie sufuria. Kutoka leo ukiwa ku kilio, wewe ikala tu, ulie vizuri. Kupika ni kazi yetu." Balicheka, bakaniuzishia. Bijana nikabavalisha tisheti ya njano, nikabaambia kutoka leo hakuna kubeba bule, jasho iko na bei yake. Na kwa manyumba nikasema: biti byenu bibakie mu nyumba, bisivunjike.

Nani alikataa? Hakuna! Hapa nisiongope: mwanzo avenyu yote ilifurahi. Kilio ya kwanza yenye tulitengeneza, biti bilipangwa safu sawa ku harusi ya gavana. Bantu balisahau kulia, bakaangalia. Bakaanza kuniita Direkta.

Dido njo alikuwa mukono yangu ya kuume. Nilikuwa nasema, yeye anafanya.

Kisha batajiri bakanisikia. Siku moja Karavia, mutaa ya batajiri, siku ingine Karavia. Harusi, ubatizo, kilio yenye bafiwa banavaa miwani myeusi na banakunywa soda ya baridi. Kule banalipa mbele ya kazi na hawaulizi. Masufuria ya bamama ya avenyu yetu ikaanza kusafiri kuliko bamama benyewe. Avenyu yetu ilianza kungojea zamu. Nilikuwa nabaambia sasa bote ni bateja tu: "Kliyan ni kliyan."

Siku moja narudi ku depo, fasi nilikuwa naweka bintu, biti bingi habipo. Bijana banaangalia chini. Dido iko anafunga kamba ku bashi.

"Dido, biti biko wapi?"

"Biko kule chini, kwa mama wa makala. Mutoto yake amefwa."

"Balilipa?"

"Vye, mutoto amefwa."

"Nakuuliza balilipa?"

"Nilimuambia bule."

Kama ningemuita pembeni! Kama ningemufokea mu sikio! Lakini bijana balikuwa bamesimama pale, na miye, mukinipa bantu benye kunisikiliza, sijui kufunga mudomo. Nikasema na sauti yangu yote:

"Bule? Bule ni ndugu ya njala, bamezaliwa tumbo moja! Kama unapenda bule, enda utumike kwa padri, utavaa kanzu na utafungisha bantu ndoa! Hapa ni biashara. Toka!"

Balicheka. Na nilipenda vile balicheka. Ee Mungu wangu, nilipenda!

Dido hakucheka. Alivua ile tisheti, akaikunja polepole sawa mama anakunja nguo ya mutoto, akaiweka juu ya biti. Akasema, "Aksanti, Direkta."

Hakuwa amenipa lile jina hata siku moja. Kwake nilikuwa vye tu, rafiki ya zamani, ao pasa.

Munafikiri nililia? Hapana. Mangaribi ile nilienda mu darasa nikaeleza yote, sawa mfano wa muntu mwenye anajua kutenganisha undugu na kazi. Prof akasema, "Munaona? Ndugu mu biashara ni tundu mu mufuko." Bakanipigia makofi. Nilirudi ku nyumba kifua mbele, nikamuelezea bibi yangu, mama ya batoto yangu. Bibi yangu akatoa masahani, akaenda kuyaosha.

Siku kadhaa zikapita, Mama Dido akakuja ku depo. Alikuwa amevaa kitenge yake ya misa. Mama mwenye alinilisha, amevaa kitenge ya misa kuja kuniona miye!

"Mutoto yangu," akasema, "murudishe mwenzako. Anasema ataenda ku mashimo ya madini, kuchimba na banduguye ya kule. Mvua inaanza. Miye niko naogopa mashimo na mvua. Weye ukimuita atarudi. Hakusikie muntu mwingine, anasikia weye."

Kulikuwa kliyan amesimama, muntu wa Karavia, anaangalia saa. Ningesema nini? Ningesema tu: "Mama, enda umuambie akuje kesho." Maneno ile ni mafupi. Hata bubu angeyasema!

Miye nikafanya mchezo. Nikasema, "Mama, mwache aende! Atapata jiwe ya kobalti kubwa sawa mbuzi, atarudi hapa kuninunua miye na biti byangu byote!"

Yule kliyan akacheka. Mama Dido naye akacheka kidogo, ile kicheko ya heshima, ya muntu mwenye amekuja kuomba. Akafunga kitenge vizuri, akaenda.

Sikumufuata.

Mvua ya ile mwaka, munaikumbuka, ilinyesha sawa kuna muntu juu alisahau kufunga robine ya maji. Siku yenye shimo ilianguka kule Dido alikuwa anachimba, miye nilikuwa Karavia. Kulikuwa tajiri anafanyia mutoto yake sikukuu ya kuzaliwa, mutoto wa mwaka moja, hata hajui kiti ni nini. Biti byote bilikuwa kule. Bashi kule. Masufuria kule. Bijana bote kule, na tisheti yao ya njano, banafunga baluni ku biti. Telefone yangu ilikuwa mu kamionete, gari ya kubebea biti, miye niko napima biryani... hapana, hata chakula sikumbuki tena. Nakumbuka baluni tu.

Bibi yangu alinitafuta mpaka akachoka. Nilipochukua telefone, hakusema yambo. Akasema, "Dido amefwa. Bamemuleta. Hakuna kiti."

Nakuapia, niliangalia biti ya pale Karavia, bingi kuliko bantu benye balikuwa bameikala. Nikaanza kupakia. Tajiri akafoka, nikapakia. Mutoto akalia, nikapakia. Baluni zikabakia zimefungwa, hatukuwa na wakati ya kuzitoa.

Sasa hii yenye nitaeleza, zingine niliziona na macho yangu, zingine bibi yangu aliniambia, na akaniambia mara moja tu.

Bamama ya avenyu balitoka, sawa zamani. Balifunga kitambaa ku kichwa, bakatoka ku mulango, na pale njo bakasimama. Na nini mu mikono? Masufuria nilikuwa nimeyanunua miye. Bengine bakaleta sufuria ya nyumba, ya kupikia batoto mbili. Biti byenye bilibakia mu manyumba bilikuwa bichache, bengi balikuwa bameisha kuuzisha byao. Na bibi yangu alipoita bijana benye balikuwa banapita barabarani bakuje kubeba meza, mmoja akasema:

"Nani analipa?"

Hakuwa mutoto mubaya yule. Ni miye nilimufundisha.

Kamionete yetu ikafika, mvua ingali inanyesha. Bantu balikuwa bamejibana chini ya bati ya nyumba, bengine mu mvua. Na pale ku baraza nikaona Mama Dido. Alikuwa amechuchumaa, anapuliza mbabula. Makala ilikuwa mbichi, moshi inamuingia mu macho. Mutoto yake amelala mu nyumba juu ya meza, naye mufiwa njo anawasha moto! Bamama balikuwa bamemuzunguka, banamuambia aache, naye anasema, "Bageni banasikia baridi. Batakunywa nini?"

Bijana yangu bakaanza kushusha biti. Biti na baluni! Nyekundu, bluu, zinarukaruka mu mvua. Mutoto mudogo mmoja akasema, "Fête! Sikukuu!" na mama yake akamufunga mudomo.

Nikakimbia kwa Mama Dido, nikapiga magoti mu matope.

"Mama, pole. Acha moto, Mama. Biti bimefika. Tutapika shiye."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu ya moshi ao ya kulia, sikujua. Akauliza:

"Ni bei gani?"

"Mama!"

"Nakuuliza, Direkta. Kliyan ni kliyan. Ni bei gani?"

"Ni bule, Mama. Yote ni bule."

Akatikisa kichwa sawa muntu mwenye amesikia jina ya ugonjwa yake.

"Bule," akasema. "Ile neno njo ulimufukuzia mutoto yangu. Leo umeitoa wapi?"

Hakupandisha sauti. Afazali angenipiga! Afazali angenimwagia ile makala! Akasema tu, "Pandisha biti byako. Dido hakupenda kuikalia kintu ya muntu."

Na bandugu, bantu baliikala chini. Bazee, mu matope, mmoja mmoja. Baliweka karatasi, bengine sapato, bakaikala. Kamionete imejaa biti pembeni, na hakuna hata mmoja aliyegusa. Nikataka kuikala nami. Muzee mmoja wa avenyu, mwenye alinijua toka natambaa, akaniambia bila kunitazama:

"Angalia, Direkta. Utachafula suruali."

Ku makaburi niliweka mukono ku sanduku. Muntu akautoa, polepole, sawa unatoa mdudu ku shati. Sijajua hata leo alikuwa nani. Niliogopa kuinua macho.

Kisha ya pale, musiulize kama nililala. Nilichukua masufuria, nikapita nyumba kwa nyumba kuyarudisha. Mama mmoja akasema, "Uliinunua, iko yako." Mwingine akasema, "Nitaweka fasi gani? Nimezoea bila." Mmoja alichukua. Nilifurahi sana kwa ile moja! Lakini kifo ingine ikakuja ku avenyu, nikamuona amesimama ku mulango na sufuria mu mukono, anaangalia huku, anaangalia kule. Alikuwa anangojea muntu mwingine atoke wa kwanza. Hakuna aliyetoka. Akarudi ndani.

Miye niliacha ile kazi. Bengine baliichukua, bana-avenyu ingine, na baliongeza bei. Sasa muntu akifwa kwetu, mbele ya kulia bantu banaulizana franga ya biti itatoka wapi. Nilifungua mulango, na kuufunga siwezi.

Na mtihani? Nilipita! Prof alisema proje yangu ilikuwa ya kwanza mu darasa. Bakanipa diplome na tabasamu kubwa. Sikuweza kumulaumu. Naye hakuniambia nimufukuze Dido. Hakuniambia nimucheke mama yake. Alisema maneno yake, miye njo niliyapeleka ku nyumba na kuyatumikisha.

Mama Dido alitoka Ruashi. Alienda kwa kaka yake ku Kasomeno, kule njia ya Kasenga, na akafungua kamalewa, fasi ndogo ya kuuzisha chakula, kando ya barabara: bukari, samaki, sombe ya majani ya muhogo. Nilingojea, nikakosa nguvu, nikapata, nikapanda gari nikaenda.

Alinikaribisha. Naapa, alinikaribisha muzuri! Alinipa maji ya kunawa, akaleta bukari ya moto na samaki mzima. Aliuliza bibi yangu, batoto yangu. Nilikula na machozi yanaanguka mu sahani, nikasema mu roho: amenisamehe, huyu mama amenisamehe, leo nitarudi na nitalala.

Nilipomaliza akatoa sahani, akapanguza meza na kitambaa, akasimama mbele yangu. Akaniambia bei.

Mukiwa bana-Lubumbashi munaelewa. Mama wa rafiki yako hakuambie bei. Hata akuchukie, hakuambie bei.

Nililipa. Alihesabu, akanirudishia mpaka franga ya mwisho, akasema, "Aksanti, papa. Safari njema." Sawa anasema na shofere yeyote. Kisha akaenda kwa meza ingine, kulikuwa bantu banangojea.

Niliomba msamaha pale nimesimama, mbele ya bashofere. Alisikia. Hakugeuka.

Sasa weye mwenye unasoma hii, labda uko mu masomo sawa yangu, kifua imepanda, unaona maumivu ya bantu kila fasi na mikono inakuwasha. Soma, sikukatazi. Fanya biashara, ulishe batoto. Lakini kuko bintu byenye bantu banapeana bule juu njo binabashika pamoja. Usibiweke bei. Siku utabihitaji, hakuna duka yenye itakuuzishia.

Na kama kwako kuko muntu mwenye anakuharibia hesabu juu ya huruma, na umemufokea, na ameenda, usingoje akuje mama yake. Inuka umutafute. Usifanye mchezo, usitafute maneno mazuri, mwambie tu arudi.

Enda leo. Mvua iko karibu.